Wazee wetu wanakufa kwa nini? Jibu kwa mwalimu mstaafu wa Nyalenda

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu na katibu wa chama cha mazishi hapa Nyalenda B, Kisumu. Mwaka jana tulichangia mazishi 14. Mwaka uliotangulia yalikuwa 8. Katika hao 14, 9 walikuwa wazee waliovuka miaka 60. Sasa juzi kwenye baraza afisa mmoja wa afya alitueleza kwamba kiwango cha vifo mjini kiko chini kuliko cha mashambani, na kwamba vifo vya magonjwa ya kuambukiza vinapungua. Daftari langu linasema mengine. Ni nani anayekosea? Tena jirani yangu, bibi ambaye sote tulimwita Dani, alikohoa tangu kabla ya Krismasi hadi akafariki mwezi Machi. Alikuwa akikaa na wajukuu wanne katika chumba kimoja. Kwenye karatasi pameandikwa "uzee". Nami niandike hivyo hivyo katika daftari?

Jibu: Mwalimu, pole kwa msiba wa Dani. Swali lako la mwisho ndilo zito kuliko yote. Nitalifikia, ila kwanza tupitie hesabu, kwa sababu njia ya kulifikia inapita huko.

Afisa huyo huenda amesema kweli tupu. Daftari lako nalo linasema kweli. Shida ni kwamba kila mmoja anajibu swali lake.

Tuanze na kiwango cha vifo. Ukichukua vifo vyote vya mwaka, ukagawa kwa watu wote wanaoishi mahali hapo, kisha ukazidisha kwa 1,000, unapata kile ambacho sisi wa takwimu tunakiita kiwango ghafi. Neno ghafi hapa lina maana yake, kama mahindi ambayo bado hayajasagwa. Kiwango hicho hakijali kama watu waliohesabiwa ni vijana au wazee, na umri ndio unaoamua kwa sehemu kubwa nani atakufa mwaka huu.

Nikupe mfano wa kubuni, uutie kwenye karatasi mwenyewe. Tuseme kuna mtaa wa mjini wenye watu 10,000, na kati yao 400 tu wamefika miaka 60. Kuna na kata ya mashambani yenye watu 10,000 pia, lakini wazee wake ni 1,000. Tuseme mjini watu walio chini ya miaka 60 wanakufa 5 kwa kila 1,000, na wazee 50 kwa kila 1,000. Mashambani hali ni nafuu kwa makundi yote mawili: 4 kwa 1,000 kwa walio chini ya 60, na 40 kwa 1,000 kwa wazee. Sasa jumlisha. Mjini unapata vifo 48 na 20, jumla 68, yaani 6.8 kwa kila 1,000. Mashambani unapata 36 na 40, jumla 76, yaani 7.6 kwa kila 1,000. Afisa anasimama barazani anasema mjini ni afadhali, na hajadanganya. Lakini kijana wa mjini yuko hatarini kuliko kijana wa mashambani, na mzee wa mjini yuko hatarini kuliko mzee wa mashambani. Hakuna hata mmoja aliye afadhali.

Dawa yake ni kusawazisha umri. Chukua viwango vya mjini, uvivalishe idadi ya watu wa mashambani: vijana 9,000 na wazee 1,000. Unapata vifo 45 na 50, jumla 95. Kumbe mtaa ule ungekuwa na mchanganyiko wa umri sawa na wa kijijini, ungezika watu 95 pale ambapo kijiji kinazika 76. Ndiyo maana mtu akinitajia kiwango cha vifo, swali langu la kwanza huwa: kimesawazishwa kwa umri? Kama hapana, namwomba viwango vya kila rika peke yake.

Kisumu inaathirika sana na jambo hili. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,155,574 katika kaunti nzima. Kisumu ya Kati ilikuwa na 174,145 na Kisumu Mashariki 220,997. Nchini kote waliofika miaka 60 walikuwa takriban milioni 2.7, kama 6 katika kila watu 100. Lakini wewe unajua jinsi mji wetu unavyoishi. Mtu anafanya kazi Kisumu miaka thelathini, anastaafu, anarudi dala, yaani nyumbani kwao kijijini. Nyumba anayojivunia ameijenga Alego, Nyakach au Emuhaya. Ile ya Nyalenda ni ya kupanga. Mji unabaki na vijana, na vifo vya wazee vinahamia kwingine pamoja na wazee wenyewe.

Hapo ndipo mahali pa kufia panapovuruga mambo zaidi. Mzee aliyeishi mtaa wa Manyatta hapa mjini miaka arobaini anazidiwa, watoto wanamweka kwenye gari usiku wanampeleka nyumbani, kwa sababu kusafirisha mgonjwa ni rahisi kuliko kusafirisha maiti, na kwa sababu yeye mwenyewe ameomba afie kwake. Akifariki huko, naibu wa chifu wa huko ndiye anayeandika. Wakati huohuo mgonjwa wa Vihiga au Siaya analetwa Kisumu kwenye hospitali ya rufaa, ile ambayo wenyeji bado wanaiita Russia, na akifariki wodini anahesabiwa hapa. Takwimu za hospitali zinakuambia nani amefia katika jengo. Ukitaka kujua hali ya mtaa, lazima kila kifo kirudishwe kwenye makazi ya kawaida ya marehemu, mahali alipokuwa akilala miezi sita kabla ya kuzidiwa.

Na sasa, Mwalimu, unifungulie daftari lako. Vyama vingi vya mazishi ninavyovijua vinachangia mwanachama, mke au mume, watoto, na wazazi wa pande zote mbili hata kama wazazi wanaishi kijijini. Kama chama chenu ni hivyo, wale wazee 9 ni wa Nyalenda wote? Nadhani utakuta wengine hawajawahi hata kulala Kisumu. Hao ni msiba wenu kwa haki, mchango ni wenu na machozi ni yenu, lakini si vifo vya Nyalenda B.

Tena, 9 kati ya wangapi? Kama familia zenu zina wazee 60, vifo 9 ni 150 kwa kila 1,000, na hapo ningekuja mwenyewe kuuliza kuna nini. Kama zina wazee 180, ni 50 kwa kila 1,000, jambo tofauti kabisa. Bila kujua walio hai huwezi kuwapima waliokufa. Kila Januari, mnapokusanya ada, andikeni pia umri wa kila anayehusika na anakoishi. Ni kazi ya jioni moja.

Kuhusu kupanda kutoka 8 hadi 14, usiogope upesi. Idadi ndogo huyumba zenyewe. Njia ya haraka ni kuchukua kipeuo cha pili cha idadi ya vifo, kuzidisha kwa mbili, kisha kukitoa na kukijumlisha kwenye idadi hiyo hiyo. Kipeuo cha 14 ni kama 3.7, mara mbili ni kama 7.5. Kwa hiyo chama chenye hali isiyobadilika kabisa kinaweza kuzika 7 mwaka mmoja na 21 mwaka mwingine kwa bahati tu. Nane yenu imo humo. Unganisha miaka mitatu au minne ndipo useme jambo limebadilika.

Nafika kwenye magonjwa ya kuambukiza. Afisa ana msingi wa kusema yanapungua. Wewe na mimi tunaikumbuka Kisumu ya miaka ya tisini, Jumamosi moja mazishi matatu, na wote ni wa umri wa kufanya kazi. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulionyesha kwamba watu wazima 17.5 kati ya 100 katika kaunti hii wanaishi na virusi vya ukimwi, wakati kitaifa ni 4.9. Bado ni mzigo mkubwa mno, ila dawa zimefanya wengi wao waishi, na sasa wanazeeka. Malaria vilevile: katika ukanda wetu wa ziwa, watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 14 waliopatikana na vimelea walikuwa 27 kati ya 100 mwaka 2015, wakashuka hadi 19 mwaka 2020. Haya ni mafanikio ya kweli, na walioyaleta ni watu waliofanya kazi usiku na mchana.

Lakini tazama ni nani wanaotajwa katika mafanikio hayo. Mtoto mchanga, mama mjamzito, mtu mzima wa umri wa kuajiriwa. Mzee wa miaka sabini na mbili yuko wapi? Huyu anakufa kwa maambukizi, na maambukizi hayaandikwi.

Nikueleze yanapotelea wapi, kwa sababu jambo hili limenikaa moyoni kwa miaka.

Mtu akifia hospitalini, daktari anajaza fomu yenye mistari inayoshuka. Mstari wa juu ni kilichomuua mwishoni kabisa. Chini yake ni kilicholeta hicho, na chini zaidi ni chanzo cha yote. Takwimu za taifa zinahesabu chanzo, ule mstari wa chini. Sasa chukua mama mwenye kisukari aliyeteleza bafuni, akavunjika nyonga, akalazwa kitandani wiki tano, mapafu yakajaa, nimonia ikamchukua. Fomu ikijazwa vizuri kabisa, chanzo ni kuanguka. Nimonia haitahesabiwa. Na kanuni hiyo ni sawa, kwa sababu inatuambia tuzuie nini mwanzoni. Ila inamaanisha kwamba katika wazee, jedwali la vifo daima litaonyesha maambukizi machache kuliko yale ambayo muuguzi wa zamu ya usiku ameyaona.

Hiyo ni fomu iliyojazwa vizuri. Nyingine zimeandikwa "moyo kusimama". Mwalimu, kila aliyekufa moyo wake ulisimama! Mtu anayeandika hivyo ametuambia kwamba marehemu amefariki, jambo tulilolijua tayari. Nyingine zimeandikwa "presha" kwa kuwa mzee alikuwa na kadi ya kliniki ya presha, hata kama alikuja akihema na kutetemeka.

Na waliofia nyumbani? Huko naibu wa chifu anauliza familia, familia inasema anachosema kila mtu, naye anaandika ili kibali cha kuzika kitoke na maiti isikae. Simlaumu. Hakusomea udaktari, na mbele yake kuna watu wanaolia na hema limeshakodiwa. Akiambiwa marehemu alikuwa na miaka 78, kalamu inaandika uzee yenyewe.

Katika uainishaji wa kimataifa wa magonjwa uliotumika miaka mingi, uzee umewekwa kwenye sura ya dalili na hali zisizoeleweka vizuri. Hauhesabiwi kama ugonjwa. Sisemi neno hilo ni haramu. Malkia Elizabeth wa Uingereza alipofariki Septemba 2022 akiwa na miaka 96, hati yake iliandikwa uzee, na kule madaktari wanaruhusiwa kufanya hivyo kwa masharti: mtu awe na umri mkubwa sana, awe amefuatiliwa na daktari akidhoofika polepole, na pasiwe na ugonjwa mwingine unaoelezea kifo. Kikohozi cha miezi mitatu hakipiti katika masharti hayo. Kikohozi cha miezi mitatu kinaelezea.

Kuna sababu nyingine inayofanya hata familia yenye macho isione. Maambukizi kwa mzee huja kwa sura nyingine. Kijana akishikwa na nimonia mwili unawaka moto, anakohoa, anashika kifua. Mzee huenda asipate homa hata kidogo. Anaanza kuchanganyikiwa, anamwita mjukuu kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani. Anaanguka akienda msalani. Anakataa uji. Watu wanasema akili imerudi utotoni, siku zimetimia, na wanaanza kupigia ndugu simu badala ya kupigia gari. Mzee aliyekuwa sawa Jumatatu akachanganyikiwa Jumatano ni mgonjwa wa dharura. Uzee hauji kwa siku mbili. Hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima akiwa ametulia; zikipita 25 au 30, usingoje asubuhi.

Ni wangapi hupotea hivi? Kuna Waafrika wenzetu waliojaribu kujua. Mjini Lusaka, Zambia, kati ya Juni na Septemba 2020, watafiti walikwenda kwenye mochari ya hospitali ya chuo kikuu wakapima maiti 364. Walikuta virusi vya korona katika 58. Waliokuwa wamepimwa wakiwa hai ni 6 tu, na wengi walikuwa wamefia majumbani. Wakati huo dunia ilikuwa ikiuliza mbona Afrika haiugui. Sisi hapa Kisumu tunakumbuka katikati ya 2021, wakati kaunti 13 za upande huu wa nchi zilipowekewa kafyu ya saa moja jioni. Baadaye Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba vifo vilivyozidi vya kawaida mwaka 2020 na 2021 vilikuwa karibu milioni 14.9 duniani, ilhali vilivyokuwa vimeripotiwa kuwa vya korona ni milioni 5.4 hivi. Hesabu hiyo ya vifo vilivyozidi haiulizi hati imeandika nini. Inauliza tu: mwaka wa kawaida mnazika wangapi, na mwaka huu mmezika wangapi? Daftari la chama cha mazishi lililotunzwa kwa miaka kumi linaweza kujibu hilo kabla ya ofisi yoyote.

Kwa walio karibu nasi, kuna kazi iliyofanywa Siaya. Huko Asembo, Gem na baadaye Karemo, KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na washirika wao wa Marekani walifuatilia maelfu ya familia kwa miaka mingi, nyumba kwa nyumba, wakiandika kila aliyezaliwa, aliyehama na aliyefariki. Mtu akifariki, walirudi baada ya siku za maombolezo wakahojiana na aliyemuuguza. Alikohoa muda gani? Kulikuwa na damu? Alikonda? Jasho la usiku? Kuhara? Alianza kuhema lini? Majibu hayo yanatoa sababu inayoelekea kuwa ya kweli. Hayatoshi kutibu mtu, lakini yanatosha kuona nini kinaua kijiji. Nimefanya mahojiano ya aina hii. Nilichojifunza ni kwamba aliyemuuguza anakumbuka kila kitu, hata siku aliyokataa chai, na mara nyingi hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

Sasa turudi kwa Dani.

Uchunguzi wa kitaifa wa kifua kikuu (TB) uliofanywa Kenya mwaka 2016 uligundua kwamba karibu wagonjwa 40 katika kila 100 hawakuwa wamefikiwa na huduma. Kisha ukataja waliolemewa zaidi: wanaume wa miaka 25 hadi 34, wakazi wa mijini, na wanawake waliovuka miaka 65. Soma hayo matatu tena. Vijana wa kiume tuliwatarajia. Akina nyanya hatukuwatarajia, kwa sababu tulikuwa tumezoea kuwaona wakikohoa kando ya jiko la makaa na kusema ni moshi.

Sijamwona Dani wala makohozi yake, kwa hiyo sitakuambia kwamba ilikuwa TB. Inawezekana ilikuwa mapafu yaliyoharibiwa na moshi wa miaka mingi, au moyo, au saratani. Lakini usiandike uzee. Andika ulichoshuhudia: "alikohoa miezi mitatu, hakupimwa makohozi". Na uwe na safu za umri, jinsia, alikokuwa akiishi kwa kawaida, alikofia, siku alizougua, dalili kwa maneno ya aliyemuuguza, na kama alipimwa chochote. Ukikosa jibu acha pengo. Pengo ni habari pia. Ukiwa na mwaka mzima wa hayo, mpe nakala bila majina mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu, kisha kwenye baraza lijalo mwombe afisa kwa heshima akupe viwango vya walio na miaka 60 na zaidi peke yao, kwa makazi. Nina hakika atafurahi kuulizwa. Ni wachache wanaouliza.

Lakini kabla ya daftari kuna jambo la wiki hii. Wale wajukuu wanne waliolala naye chumba kimoja bado wako pale. Wapeleke kituo cha afya cha serikali kilicho karibu, wote, hata ambaye hakohoi, pamoja na mtu mzima anayewalea sasa. Waambie: waliishi na mtu aliyekohoa miezi mitatu akafariki bila kupimwa. Sema hivyo hivyo, usiseme nyanya yao alikufa kwa uzee, maana ukisema hivyo watapewa dawa ya mafua warudishwe. Kupimwa TB na kutibiwa katika vituo vya serikali ni bure. Kama yuko aliye chini ya miaka mitano, awe wa kwanza kwenye foleni, kwa sababu kwa mtoto wa umri huo ugonjwa hukimbia. Mhudumu ataamua kama anahitaji matibabu au dawa ya kinga. Usingoje akonde.